Wapelekeni watoto Saanane wakasome: Barua ya wazi kwa walimu wakuu na kamati za shule

Kwa Walimu Wakuu, Wajumbe wa Kamati za Shule na Maafisa Elimu Kata,
Shule za msingi za Usagara, wilaya ya Misungwi na mwambao wa Mwanza.

Waheshimiwa walimu wetu, wazazi wenzangu,

 

Mimi ni mama mwenye watoto katika shule za msingi hapa Usagara, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo. Nawaandikia kwa heshima yote mnayostahili, kwa kuwa ninyi ndio mnaoshinda na watoto wetu saa nyingi kuliko sisi tuliowazaa. Nawaandikia pia kwa uchungu, na hadharani, kwa sababu hoja hii niliitoa kwenye mkutano wa wazazi, ikaandikwa kwenye muhtasari, na huko kwenye muhtasari ndiko ilikobaki.

Hoja yenyewe ni ziara za wanafunzi kwenda hifadhini. Ziara tunazo, lakini namna tunavyoziendesha inawanyima watoto kile kile tunachosema tunawapelekea. Wanakwenda wachache wenye uwezo. Wanapelekwa mbali bila sababu. Wanakwenda bila kuandaliwa, na wakirudi hakuna anayewauliza wamejifunza nini. Hayo yote yanafanyika huku Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane ikiwa hapo hapo jijini, mwendo wa kilomita 20 na kidogo kutoka kwetu, kisha dakika chache za boti kutoka Capri Point.

Dai langu ni moja. Ziara ya siku moja Saanane ihesabiwe kuwa kipindi cha masomo na haki ya kila mtoto, isiwe tena starehe ya mwisho wa mwaka kwa yule aliyelipiwa. Naeleza sababu zangu kwa namba, ili nanyi mnijibu kwa namba.

1. Mtoto wetu amezaliwa nyikani na hajui nyika

Mwulize mwanafunzi wa Usagara swala pala anaishi wapi, atakujibu: Serengeti. Amejibu vizuri, ila hajaambiwa kwamba nchi hii anayoikanyaga, tunayolima mpunga na pamba, nayo ilikuwa savana yenye migunga, vichaka na wanyama wake. Wanyama hao wana historia ya kutoweka, na historia hiyo inafundishika. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilihimiza ufyekaji mkubwa wa vichaka Shinyanga na Usukuma ili kupambana na mbung'o, anayewaambukiza ng'ombe nagana na binadamu malale. Shinyanga ndiko kilikowekwa kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton. Mwaka 1947 ukaja mpango wa kikoloni wa maendeleo ya Usukuma. Pamba ikapanuka, mifugo ikaongezeka, kuni zikatakiwa zaidi. Mbung'o walipungua, na mfugaji yeyote atakwambia hilo lilikuwa jema. Lakini vichaka navyo vilikwisha, na mnyama akakosa pa kujificha na pa kuzalia.

Pamoja na hayo, babu zetu waliwajua wanyama. Vyama vya jadi vya Wasukuma vilikuwa na elimu yake: Bayeye walijua tabia za nyoka na dawa za sumu yake, Banunguli walimjua nungunungu hadi ndani ya shimo lake. Sehemu ya elimu hiyo imehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Mtoto wa leo hakuirithi elimu ya babu, na ya shule iliyochukua nafasi yake inaishia kwenye picha ya kitabu. Sisi watu wazima tulio katikati ndio tuliokata uzi huo, kwa hiyo ni juu yetu kuuunga.

2. Ziara zimekuwa za wenye nacho

Tangu mwaka 2016 elimumsingi inatolewa bila ada, na sisi wazazi wa kijijini tunashukuru. Lakini ziara inapotangazwa, inatangazwa wiki chache kabla ya safari, fedha zinatakiwa kwa mkupuo, na mtoto asiyelipiwa hayumo kwenye orodha.

Katika shule moja, ambayo sitaitaja, niliona watoto wakipanda Kosta alfajiri huku wenzao wa darasa hilo hilo wakibaki kufagia uwanja. Juma lililofuata darasa zima likapewa insha ya kuandika: siku yetu hifadhini. Mtoto wa jirani yangu, ambaye hakwenda, aliandika alichosimuliwa. Alipata alama ndogo kwa sababu insha yake haikuwa na maelezo ya kutosha. Sijui ni somo gani lilifundishwa siku ile zaidi ya kwamba maarifa yana bei na kwao hawana.

Siwalaumu walimu kwa umaskini wa wazazi. Ninacholaumu ni mpangilio. Mkulima wa huku anashika fedha akivuna mpunga na msimu wa kununua pamba unapofunguliwa, katikati ya mwaka. Ziara zinatangazwa Oktoba na Novemba, wakati huyo huyo mkulima ananunua mbegu, anakodi ng'ombe wa kulimia, na chakula cha ndani kinapungua. Mngeulizana na wazazi mapema, mngeupata mwezi ambao watoto wengi zaidi wangekwenda.

Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko lililokuja kujulikana kama Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori. Alisema viumbe hawa ni urithi, na kwamba tunawajibika kuhakikisha wajukuu wa watoto wetu wanaufurahia. Watoto aliokuwa akiwazungumzia ndio hawa wanaoachwa wakifagia. Urithi wa taifa hauna orodha ya waliolipa.

3. Tunafuata mbali kilicho karibu

Shule ikisema hifadhi, mzazi na mwalimu wote wanawaza Serengeti. Serengeti ni fahari yetu. Ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza nchini, tangu 1951, na ina kilomita za mraba 14,763. Lango la Ndabaka lipo kwenye barabara ya Mwanza na Musoma, kilomita 140 hivi kutoka jijini. Lakini hebu tuihesabu siku ya mtoto wa darasa la nne. Anaamshwa saa nane usiku. Anafika langoni amechoka. Ndani ya hifadhi anakaa garini, kwa kuwa hapo hairuhusiwi kushuka ovyo, na kama amekaa kiti cha katikati anaona visogo vya wenzake kuliko anavyoona nyumbu. Jioni inabidi kugeuza mapema, anafika nyumbani usiku, na kesho yake analala darasani. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Saanane ina kilomita za mraba 2.18 tu, maji yakiwemo. Ndiyo ndogo kuliko zote kati ya hifadhi zetu 21 za taifa. Ilianzishwa mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ikawa pori la akiba mwaka 1991, na mwaka 2013 ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Jina lake ni la mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi kisiwani kabla serikali haijakichukua. Hilo peke yake ni somo la historia: hifadhi nyingi zina mzee aliyehama ili sisi tupate pa kutembelea, na mtoto anapaswa kumjua kwa jina.

Udogo wa Saanane ndio neema yake kwa mwalimu. Kisiwani watoto wanatembea kwa miguu pamoja na mwongozaji. Mwalimu anaweza kusimamisha darasa zima mbele ya jabali moja na kufundisha, na kila mtoto akaona anachofundishwa. Ukitoka Usagara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukapita Buhongwa, Nyegezi na Mkuyuni, hata foleni ikuchelewesheje utafika Capri Point kabla jua halijawa kali, na watoto watakuwa wamerudi makwao kabla ya magharibi. Na tangu Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo na Busisi, lilipofunguliwa Juni 2025, hata shule za Sengerema zinaweza kupita hapa kwetu na kwenda Saanane bila kungoja kivuko. Nao Watanzania tunatozwa kiingilio kwa shilingi, kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni wa nje, na mtoto analipa pungufu ya mtu mzima.

Wenzetu wa Nairobi wana hifadhi ya taifa kando ya jiji lao tangu 1946, ya kilomita za mraba 117, na vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi vilianza Kenya mwaka 1968. Nasi tulianzisha Vilabu vya Malihai mwaka 1980. Kwa hiyo njia ilishachongwa zamani. Kinachokosekana ni shule zetu kuipita.

4. Watoto wanapelekwa bila kuandaliwa

Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika mwaka 2024 unataka mwanafunzi ajenge umahiri, na somo la Jiografia na Mazingira linamtaka ayatazame mazingira yake. Lakini mtoto anaingia kisiwani bila swali hata moja mkononi. Wengi wanatafuta simba, wasipomwona wanasema hakuna kitu. Walimu wangu, kitu kipo tele. Naomba niwataje wachache ambao darasa lote linaweza kusoma kwao kwa asubuhi moja.

Kwanza ni jabali lenyewe. Mwanza inaitwa Jiji la Miamba, na mtoto anadhani mawe haya yalipangwa na majitu. Ni graniti iliyopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ilipasuka kwa mistari, maji yakaingia kwenye nyufa, yakala pembe za kila kipande hadi kikawa mviringo, kisha udongo uliokuwa umeyafunika mawe hayo ukasombwa na mvua. Ndiyo maana leo tunaona jiwe juu ya jiwe. Jiografia hiyo haihitaji ubao.

Juu ya jabali hilo anaota jua mjusi ambaye dume lake lina kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, alilopewa na Arthur Loveridge mwaka 1923. Wataalamu wa dunia nzima wakimtaja wanataja Mwanza, ilhali mtoto wa Mwanza anamrushia jiwe.

Pembeni yuko pimbi, anayedhaniwa kuwa aina ya panya au sungura. Ndugu zake wa karibu zaidi kati ya viumbe vilivyo hai ni tembo na nguva. Mtoto akielezwa hivyo, atamtazama pimbi upya, ataangalia kucha zake, atauliza kwa nini mmoja amekaa juu zaidi kama mlinzi, na atauliza ile michirizi myeupe juu ya mwamba imetoka wapi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na pimbi mmoja anatosha kuzaa maswali ya kipindi kizima.

Swala pala wa Saanane wanafundisha hesabu na ikolojia kwa pamoja. Wamezungukwa na maji. Nyasi zikipungua hawawezi kuhama kama wenzao wa Serengeti. Je, kisiwa kinatosha swala wangapi? Nini kinatokea wakizaana bila mwindaji wa kuwapunguza? Mtoto wa mfugaji, ambaye ameona ng'ombe wa baba yake wakimaliza malisho, atalijibu swali hilo vizuri kuliko mtoto yeyote wa mjini.

Kisha kuna ziwa. Furukombe anapoita juu ya mti, mnandi anapokausha mabawa, mdiria anapojitupa majini, wote wanaishi kwa samaki. Hapo ndipo pa kueleza kwamba Ziwa Victoria lina kilomita za mraba takriban 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Hapo ndipo pa kueleza habari za furu, samaki wadogo wa mamia ya aina, ambao wengi wao walitoweka baada ya sangara kupandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Ghuba hii ya Mwanza ni mojawapo ya mahali ambapo wanasayansi waliushuhudia upotevu huo ukitokea. Baba wa mtoto huyo huenda ni mvuvi wa dagaa au mfanyakazi wa kiwanda cha minofu. Somo hilo ni la mezani kwao.

5. Adabu ya hifadhini haifundishwi

Naandika hili kwa masikitiko. Nimeona msafara wa wanafunzi ukishuka na spika inayopiga muziki kwa sauti ya juu. Nimeona watoto wakiwarushia tumbili ndizi na mikate ili wawapige picha, na mwalimu wa zamu akicheka. Tumbili anayelishwa hupoteza woga, huanza kupokonya, mwisho huuma, na akishauma mtoto anayeadhibiwa ni yeye. Nimeona chupa za soda na mifuko ya vitafunwa ikiachwa kwenye nyufa za miamba. Taifa lilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019, na somo hilo watoto wanaliandika darasani na kulikanusha safarini.

Mtoto hazaliwi na adabu ya hifadhini. Anafundishwa kama anavyofundishwa kuvua viatu mlangoni: kwa kuambiwa kabla ya kufika na kwa kumwona mkubwa akifanya. Mfungieni michembe au matobolwa ya viazi vitamu na maji kwenye chupa anayorudi nayo nyumbani. Mwambieni anong'one. Mwambieni kwamba pale ni nyumbani kwa wengine na yeye amekwenda ugenini.

6. Usalama unachukuliwa kwa imani

Sisi watu wa ziwa hatuna kisingizio. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza Mei 21, 1996, na makaburi yapo Igoma. MV Nyerere ilipinduka Ukara Septemba 20, 2018. Barabarani, Mei 6, 2017, basi dogo la wanafunzi wa shule moja ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu, likaua watoto zaidi ya 30 waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio. Ajali zote mbili za majini zilihusishwa na kujaza watu kupita kiasi, na zote tatu zilitufundisha kwamba mtoto hana sauti ya kukataa kupanda.

Kwa hiyo inaponijia taarifa kwamba watoto watakaa watatu watatu kwenye kiti cha wawili kwa kuwa "ni safari fupi", sikubali. Inapotokea wanafunzi wamefika ufukweni na hakuna mwalimu mwenye orodha ya majina, sikubali. Na bado kuna hatari tusiyoitaja: kichocho. Mwambao huu una kichocho kingi, na watoto wakishafika majini wanataka kutia miguu. Kwenye ziwa lenye kichocho na mamba, ruhusa ya kuchezea maji ukingoni haipaswi kutolewa na mtu yeyote.

7. Ziara inaishia kwenye picha

Baada ya ziara, picha zinasambazwa kwenye kundi la wazazi, na shughuli imekwisha. Hakuna mti uliopandwa, hakuna mchoro uliobandikwa ukutani, hakuna mtoto aliyesimama mstarini kuwaeleza waliobaki. Darasa limeona nyika iliyotunzwa na kurudi kwenye shule yenye uwanja mtupu, na hakuna aliyeuliza kwa nini huku hakuna kivuli.

Nasi tuna mfano wa kwetu. Wasukuma tuna ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika ili nyasi na miti ipumzike, kisha inafunguliwa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi hiyo, na maeneo makubwa yaliyokuwa jangwa yakarudi kuwa vichaka vyenye kuni, dawa, asali na ndege.  Kiini cha ngitili ni kuacha ardhi ipumzike na kukubaliana nani anailinda. Shule yenye kona moja ya uwanja inaweza kufanya hivyo.

Sasa ninachoomba

Sitaki barua hii iwe ya malalamiko matupu. Naomba mambo yafuatayo, na nayaandika kwa namna ambayo kamati inaweza kuyapigia kura.

Moja: kila mtoto aende Saanane angalau mara moja kabla hajamaliza elimu ya msingi, na darasa liende zima. Kama fedha hazitoshi kwa darasa zima, ziara isogezwe mbele hadi zitoshe. Asibaki mtoto akifagia.

Mbili: tarehe na gharama zitangazwe mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mchango uwe wa hiari na utolewe kidogo kidogo, na ziara ipangwe kati ya Juni na Agosti, baada ya mavuno na kabla ya mvua. Mzazi asiye na fedha apokelewe mpunga au nguvu kazi, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya mkutano wa wazazi.

Tatu: kamati iwasiliane mapema na ofisi ya hifadhi ili kujua viingilio vya wanafunzi, utaratibu wa malipo, nafasi za boti na mwongozaji. Tusifike langoni tukaanza kuuliza.

Nne: wiki moja kabla ya safari, vipindi viwili vitumike kuwaandaa watoto. Kila mmoja aondoke na daftari, penseli na maswali ambayo ameyatunga mwenyewe. Mzee mmoja wa kijiji aalikwe awaeleze wanyama aliowakuta utotoni na majina yao kwa Kisukuma.

Tano: gari likaguliwe, kila mtoto awe na kiti chake, kila mtoto avae jaketi okozi kabla boti haijaondoka, na mwalimu aite majina mara nne: wakipanda gari, wakipanda boti, wakishuka kisiwani, wakirudi. Boti ikikosa jaketi za kutosha, watoto wangoje awamu nyingine hata kama itachukua saa nzima.

Sita: spika, chakula cha kulisha wanyama na plastiki ya kutupa vibaki nyumbani. Mwalimu akikiuka, kamati imwandikie kama inavyomwandikia kwa kosa lingine.

Saba: ndani ya mwezi mmoja baada ya ziara, shule ifunge kona moja ya uwanja iwe ngitili ya wanafunzi, isilimwe wala kuchungwa, na kila muhula darasa moja lihesabu na kuandika kilichoota na ndege waliotua. Klabu ya Malihai ianzishwe, au ifufuliwe pale ilipokufa.

Kwenu Maafisa Elimu Kata naomba jambo moja la ziada: ziara zipangwe kwa zamu ili shule za kata moja zichangie gari na gharama zipungue. Na kwa wanaosimamia hifadhi, ombi langu ni siku maalumu za shule za vijijini katikati ya juma, zenye mwongozaji anayefundisha kwa Kiswahili chepesi cha watoto.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu uamuzi kuhusu nchi hii hautangoji watoto wakue polepole. Majabali ya Mwanza yanapasuliwa kokoto kila siku, na vilima vinajengwa hadi kileleni. Kila jabali linalopasuliwa lilikuwa na pimbi, mijusi na mti uliojishika kwenye ufa. Sisemi watu wasijenge, nami nimejenga kwa kokoto hizo hizo. Lakini baada ya miaka 20, watoto wa darasa la nne wa leo ndio watakaokaa kwenye halmashauri ya kijiji kuamua kilima gani kipasuliwe na kipi kiachwe, bonde gani lilimwe na lipi liwe malisho. Ndio watakaokuwa madiwani, wavuvi, askari wa wanyamapori, wakandarasi na walimu. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya jabali akaelewa lilivyotokea na anayeishi humo ana sababu ya kuuliza swali kikaoni kabla hajanyoosha mkono. Asiyewahi ataona kokoto tu.

Tunaambiwa utalii ni uchumi, na filamu ya The Royal Tour ya mwaka 2022 iliwaita wageni wa dunia nzima. Karibu sana, waje. Lakini haiwezekani mgeni avuke bahari kuja kuona kile ambacho mtoto wa Usagara hajavuka maji ya dakika chache kukiona.

Naomba barua hii iwekwe kwenye ajenda ya kikao cha kwanza cha kamati cha muhula ujao, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa wazazi unaofuata. Nitahudhuria. Nipo tayari kuingia kwenye kamati ndogo ya ziara, kukusanya michango mtaani kwetu nyumba kwa nyumba, kupika michembe ya darasa zima na kusafiri na watoto kama mlezi. Wapo wazazi wengine waliokwisha kuniambia watafanya hivyo hivyo. Tunachosubiri ni ninyi kutaja tarehe.

Wenu katika malezi,

Mama na mzazi mwenzenu,
Usagara, Misungwi.